Binti Yangu Alimkana Nyanya Yake Mbele ya Wageni

Admin, salaam aleikum. Ukiposti hii tafadhali nifiche kabisa, Isiolo ni mji mdogo na tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto wawili, msichana wa kidato cha tatu na mdogo wake wa gredi ya nne. Nashona nguo mjini. Mzee wangu hupeleka mifugo Nairobi na lori, mara nyingi hayuko. Ukituona kwa nje sisi ni familia nzuri. Watoto wanaswali, wanasalimia majirani, hakuna mwalimu amewahi kuniita shuleni. Ndiyo maana sijui ni wapi mambo yaliharibika.

Huyu msichana mkubwa hakulelewa na mimi mwanzo. Nilipojifungua niliugua sana, maziwa hayakutoka, na mama mkwe akamchukua akaenda naye kijijini kwake Sericho. Akamlea kwa maziwa ya ngamia. Kiangazi kikikaza na maji yakiwa mbali, alikuwa anambeba mgongoni na mtungi mkononi, na wakifika nyumbani mtoto ndiye anakunywa kwanza. Alinirudishia mtoto akiwa tayari kuanza shule, mnene, anacheka. Siku aliyoachwa kwangu alilia mpaka sauti ikakauka, akiita, "Akko! Akko!" Ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya.

Mwaka huu akko alianza kupoteza macho. Tukamleta mjini, daktari akasema ni mtoto wa jicho, anaweza kupasuliwa aone tena, akampa siku ya kurudi. Tukamlaza chumba kimoja na binti yangu. Hapo ndipo nilianza kuona mambo. Akko akiingia, yeye anafungua dirisha. Ati ananuka moshi na samli. Akaficha kikombe chake akko asikitumie. Niliongea naye kwa upole, nikaongea kwa ukali, yeye anajibu tu, "Sawa, mum."

Jumamosi moja wasichana wa darasa lao wakaja kwetu kufanya kazi ya shule. Mimi niko jikoni napika. Akko akatoka chumbani akishikilia ukuta, akauliza kwa Kiborana ni nani amekuja. Msichana mmoja akamuuliza binti yangu, "Huyo ni shosho yako?" Nikamsikia kwa masikio yangu akikataa, "Zii, ni mama tu wa ushago tunamsaidia. Hana watu." Wakacheka. Alidhani akko haelewi. Mama yule ameuza ng'ombe sokoni maisha yake yote, Kiswahili anakijua vizuri. Nilimwona akisimama kidogo, halafu akageuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akajifungia.

Nilitoka nikawaambia wale wasichana, "Yule ndiye mama aliyemzaa baba ya huyu, na ndiye aliyemlea." Binti yangu akanikazia macho. Wageni walipoenda akaniambia, "Umeniaibisha. Kwani nimeua mtu?"

Akko hakulalamika, hata hakumtaja. Alisema tu anataka kurudi nyumbani. Nikamwambia upasuaji uko karibu, avumilie aone. Akaniuliza, "Mwanangu, nione nini tena?" Nililia nikashika miguu yake. Mzee wangu alikuja akamfokea binti, akambembeleza mama yake abaki. Akakataa. Akaondoka na gari ya Sericho.

Sasa haoni kabisa. Daktari anasema bado anaweza kusaidika, lakini akko hataki kusikia. Nikamlazimisha binti apige simu aombe msamaha. Akasema, "Akko, pole," kama mtu anasoma. Akko akamsalimia vizuri sana, akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani? Haya, salimia wenu." Akakata simu. Nilidhani mtoto atalia. Alinirudishia simu akasema, "Si umeona? Hata hanikumbuki," akaendelea kula.

Mzee wangu haongei naye tena. Akiwa mjini anakula nje, anarudi kulala tu. Na juzi jirani alinijia akaniomba binti yangu aongee na msichana wake aliyemshinda, kwa sababu wangu ana adabu sana. Binti yangu akaenda. Akaongea nao vizuri, yule jirani akarudi kunishukuru na machozi.

Adabu nilimfundisha, akashika. Huruma sikujua inafundishwa vipi, nilidhani inakuja yenyewe kwa mtu aliyependwa. Bado mwaka mmoja na kitu amalize shule aende zake, na akko anazidi kudhoofika. Nyinyi mliolea mkafaulu, mtoto wa umri huu bado anaweza kuwekwa moyo mwingine, ama nimechelewa? Mimi mawazo yameniishia. Nishaurini jamani, na msinitukane.