Nilienda Uvira Kutuliza Hasira ya Shukuru

Hapana, mu mupira ya Shukuru hakuna mwenye alivunjika muguu, kwa sababu hakuna mwenye alikimbia. Ile mupira wanacheza wamekaa ku kiti, kila muntu na maneti yake, ile ya kubonyeza, mu mikono, na wenye kukimbia ni vile vitu vidogo mu ekrani. Minye pia nilicheka. Nilisema: Shukuru, mujukuu wangu, analipwa kila mwezi kwa kukaa? Minye nimekaa tangu wakati wa Wabelgiji, mushahara yangu iko wapi?

Mwenye alinituma ni mukamwana wangu, mama ya Shukuru. Huyu anasema na mukono mbele ya kinywa, tangu marehemu mutoto wangu Amuri alimutoa meno mbili ya mbele. Aliniambia polepole, vile: "Mama, ekipe yake ya mupira imesema Shukuru akilipuka tena mara moja tu, wanamufukuza. Na hatuna mwingine wa kutusaidia. Uende, umukalie nyuma. Weye anakusikiaka." Nikafunga kitenge.

Asubui tulitoka Luvungi na moto, pikipiki ya kulipa. Mushofere alikuwa kijana wa maneno mingi, upepo unakula nusu ya maneno. Mbele ya Sange aliniuliza naenda kufanya nini. Nikasema naenda kuangalia bwana yangu Shukuru mu shampiona. Akakata mwendo.

"Ule Shukuru wa hasira? Ni mujukuu yako?"

"Ni bwana yangu. Umusalimie na heshima."

"Mama, kesho nimemuwekea pari, feza yangu iko juu yake. Atatupa maneti chini." Na alisema vile muntu anasema mvua itanyesha.

Njo nilijua. Kumbe watu hawaweke tu makuta, feza yao, kwa mwenye atashinda. Wanaweka kwa mwenye atalia, mwenye atatukana arbitri, ule refa, mwenye atatupa kintu. Nikamuuliza: na akikaa kimya?

"Akikaa kimya, tumekula hasara. Lakini hakaake kimya, mama. Mwenye kushinda anaweza kukudanganya. Mwenye hasira hadanganye."

Tukapita Kiliba. Ku barieri ya Kavimvira askari aliniuliza, "Mama, umebeba nini?" Nikamujibu na sauti yake mwenyewe, ile nzito ya kutoka mu tumbo: "Nimebeba miaka." Wenzake walicheka, wakatuacha.

Uvira, mu Kilibula, nilifikia kwa mudogo wangu Mapendo. Ziwa imeshakula jikoni yake. Sasa anapikia mu chumba ya kulala, na mafungu ya ndagala, wale samaki wadogo, iko juu ya kitanda kama wageni. Mapendo anasikia kidogo, basi anapiga makelele hata kwa kusali. "UMEFIKA?" Nikamwambia hapana, niko bado Luvungi.

Saa ya bugali Shukuru alikuya. Muntu muzima sasa, na ndevu, na kanzu ya ekipe, ile jezi yenye jina lake ku mugongo. Nilimushika shavu.

"Bwana yangu, wanasema umekuwa simba."

"Wanasema tu, nyanya."

"Kesho nitakaa nyuma yako. Ukiinuka, nitakuvuta kaptula mbele ya watu."

Alicheka. Tulikula muzuri. Nilimuigizia ule mushofere, nilimuigizia askari, nilimuigizia padri wetu vile anatafuta miwani na iko ku pua. Mapendo akalia kwa kicheko: "MUFANYE AMURI." Ku matanga, ku arusi, kila mara wananiomba Amuri. Basi nikafanya. Kwanza unapangusa uso na mikono mbili, toka juu mpaka chini. Halafu unacheka kidogo, kicheko ya pua. Halafu unauliza na adabu, kama muntu anaomba chumvi: "Mu hii nyumba, minye ni nani?" Halafu unavunja. Nilipiga sahani ya plastiki chini, Mapendo akaanguka ku mukeka. Shukuru alicheka pia. Akasema: "Fanya tena, nyanya. Ile ya mikono." Nikafanya tena.

Kesho yake, Rugenge, ku ukumbi ya shampiona. Sale ilijaa mpaka ku mulango. Kijana mumoja mwenye kofia nyekundu alikuwa anapita mu viti kama muuzaji wa mandazi: "Kulia, kutukana, kutupa. Kulia, kutukana, kutupa." Watu wanamupa makuta, anaandika ku telefone. Presida wa ekipe, mwenye kusema mu pua, alinipa kiti nyuma ya Shukuru. "Mama, umushike muzuri. Leo ni mara ya mwisho."

Nilimushika. Walimuingiza goli, watu wakamuimbia, nikamuongelesha mu sikio na sauti ya Mapendo: "UMEFIKA?" Mabega yake ikalegea. Akarudisha goli. Nilimuangalia shingo, mushipa umelala, jasho hakuna. Minye namujua tangu anatambaa. Yule muntu hakukuwa na hasira hata kidogo.

Mwisho karibu, kofia nyekundu alikohoa. Shukuru aliweka maneti ku magoti. Akapangusa uso na mikono mbili, toka juu mpaka chini. Akacheka mu pua.

"Mu hii nyumba, minye ni nani?"

Watu hawakuelewa, nyumba gani? Minye nilielewa. Ilikuwa sauti ya Amuri yote, hata ile kamasi yake. Nilitaka kumushika kanzu, mukono ukakataa, kwa sababu tangu zamani ile sauti ikitoka, tulikuwa tunakimbia. Alipasua maneti ku meza. Alimutukana arbitri, na mama ya arbitri. Nusu ya sale ikaruka kwa furaha. Presida akamuvua kanzu palepale, akamwambia mu pua, "Kwisha, Shukuru. Usirudi."

Nilimufuata nyuma ya sale kwa kumufariji. Nilimukuta ananawa uso, anapumua kama mutoto mwenye kulala. Kofia nyekundu alikuwa anamuhesabia makuta.

Asubui ya kurudi, Shukuru alinisindikiza ku parkingi. Alininunulia mukate, alinitafutia moto ya mushofere muzee. Nikamwambia turudi wote Luvungi, kuko mashamba ya muchele. Akasema hapana: mu Bukavu kuko ekipe ingine, inapenda mwenye kuleta watu.

Nikamushika mukono. "Shukuru. Ile sauti ni ya baba yako. Ile sauti ilimutoa mama yako meno, na weye ulikuwa na miaka tano, umejificha chini ya kitanda. Usiiuzishe."

Hakukasirika. Alinipandisha ku moto, akanifunga kitenge muzuri isiguse tairi.

"Nyanya, weye ulikuwa unamuigiza bure. Minye wananilipa."