Siku Mama Alipokataa Kusonga

Taulo zenye chumvi zina harufu yake, na mimi niliijua kabla sijaiona bahari. Mama alifanya kazi ya nyumbani huko Karen, mtaa wa Wazungu wa Nairobi. Kila Agosti waajiri wake waliporudi kutoka pwani, alikung'uta mchanga wao uani, akafua, akaanika, kisha akarudi kwetu Riruta mikono ikinuka bahari ya watu wengine. Katika nyumba ile sikuwahi kumsikia akisema neno zaidi ya "Ndiyo, memsabu." Nilimwonea haya kwa hilo, na leo nalisema bila kuficha.

Miaka michache baada ya Uhuru, akina mama wa kanisa letu walifunga safari: gari moshi usiku kucha hadi Mombasa, basi hadi mji mdogo upande wa kaskazini, na jioni ile ile kurudi. Mama, aliyenichukua na mimi, alitaka jambo moja tu: kukaa kando ya bahari kwa nafasi yake, juu ya kanga yake, bila kumhudumia mtu. Tulipofika maji yalikuwa yamekupwa, yako mbali kabisa. Sisi watu wa bara, tusiojua kwamba bahari hupwa na kujaa, tulitandika katikati ya mchanga mbichi tukapakua githeri. Maji usiyoyafika hujui wina wake, nasi hata mto wa Nairobi tuliuvukia darajani. Yalipoanza kutufuata, mama mmoja alipiga kelele, "Ngai! Nani amefungulia hii kitu?" Tukabeba masufuria huku tukicheka, tukasogea, tukasogea tena, mpaka migongo ikagusa ukuta wa hoteli.

Hapo akatokea askari na rungu lake. "Hapa ni ya wageni wa hoteli. Songeni." Wenzetu wakaanza kukunja kanga. Mama akajimiminia chai, akanywa taratibu.

"Maji ikifika hapa nitasonga," alimwambia. "Wewe si maji."

Nilimvuta mkono nikimsihi twende, machozi ya aibu yakinitoka, maana Wazungu walikuwa wamesimama barazani wakitutazama, na machoni pangu wote walikuwa wale wa Karen. Akanikalisha. "Kula." Maji yakaja, akapanda ngazi ya kwanza ya hoteli. Yakaja tena, akapanda ya pili. Meneja akatoka, uso umemwiva, akamwuliza askari mbona hajatuondoa. Askari alimtazama Mama, akaitazama bahari iliyojaa pande zote. "Niwapeleke wapi, bwana?" Wenzetu wakakunjua kanga zao mmoja mmoja, wakaketi kando yetu. Hatukuondoka mpaka maji yalipoanza kushuka yenyewe.

Jumatatu Mama alirudi Karen na "Ndiyo, memsabu" yake. Sikumwonea haya tena. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wa Mama nilikuwa nimeuona.

Sasa hayupo. Mimi naishi Spring Valley, nyumba ina lango na lango lina mlinzi, na tukienda pwani wanangu huitazama bahari kutoka baraza ya hoteli. Tumehamia upande ule mwingine wa ukuta, na hilo halinipi raha hata kidogo. Vibarua wanaojenga mtaani kwetu huja kula chakula cha mchana kwenye nyasi nje ya lango langu. Majirani wamekuja mara tatu kunitaka niwafukuze. Nimewajibu kwamba watu wale hawaendi popote. Wamenuna. Wanune.