Mkate wa Mtu Aliyeondolewa

Mkate wa Meza ya Bwana hautiwi chachu wala sukari. Ni unga wa ngano, mafuta kidogo, chumvi na maji, basi. Mama ndiye aliyenifundisha kuukanda. Alikuwa shemasi, na kwa miaka mingi ndiye aliyelipikia mkate huo kanisa letu dogo la upande wa Uriri. Alipoondolewa ushirika, kazi ikaniangukia mimi. Watu waliona ni jambo la kawaida, binti kushika kazi ya mama yake. Mimi nilikuwa nikiukanda kwa hofu ya kukosea.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimepanga chumba Homa Bay, karibu na soko, nikishona nguo kwenye veranda ya duka la mtu. Shule niliiacha baba alipofariki. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe: kukata suti kwa kufumua suti kuukuu nione ilivyounganishwa, na Kiswahili kwa kusoma Biblia kwa sauti nikiwa nimefunga mlango, jirani asinisikie nikikosea. Ndivyo nilivyokuwa. Mshono ukipinda kidogo nafumua nguo nzima. Nikisali nikaruka neno, naanza sala upya. Jioni za Ijumaa, Sabato yetu ikiingia, watu wa mji wakikaanga samaki na kucheka nje, mimi nilikaa peke yangu kitandani nikijikagua wiki yangu, na sikukosa kupata doa. Nilimwogopa Mungu vile nilivyomwogopa mteja anayegeuza nguo kutazama upande wa ndani. Nilikuwa nimejizoeza kuamini kwamba hofu hiyo ndiyo kumpenda.

Jambo la mama lilikuwa hivi. Baba alipokufa, ukoo ulimtaka akubali tero, yaani arithiwe na ndugu wa marehemu. Kanisa lilikataza. Mama alikataa muda mrefu. Lakini kwetu mjane ambaye hajarithiwa hajengewi nyumba wala haezekewi. Hakuna mwanamume wa ukoo atakayepanda juu ya paa lake. Mvua iliingia mpaka kitanda kikaota ukungu. Mwishowe mama akakubali. Mabati mapya yakapigiliwa, na kanisa likaketi kikao likamwondoa.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningelichukia kanisa nikapumzika. Lakini kulikuwa na jirani yetu, mjane pia, aliyefiwa karibu wakati uleule. Yeye na mama walikuwa wameolewa ukoo mmoja na waliitana nyieka, mke mwenza, kwa utani wa wanawake wa kwetu. Kila Meza ya Bwana walitawadhana miguu wao kwa wao, maana kwetu kabla ya kula mkate watu huoshana miguu wawili wawili, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Huyu jirani alikataa tero mpaka mwisho. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake ukaanguka. Akahamia jikoni, akawa analala na mbuzi wake chini ya karatasi ya nailoni. Kanisa lilimwombea. Lilimwombea sana. Halafu likamfanya shemasi mahali pa mama.

Hapo ndipo nilipokwama. Mungu akimpokea mama hivihivi, atamwambia nini huyu aliyelala kwenye maji kwa sababu ya neno lake? Na akimtendea haki huyu, mama akae wapi? Nilishasikia ikihubiriwa kwamba haki na rehema zilikutana msalabani. Kwa habari ya ulimwengu mzima nililielewa hubiri hilo. Kwa habari ya wanawake wawili waliotenganishwa na shamba moja la mahindi, sikulielewa. Kila nilipompa mmoja, nilimnyang'anya mwingine. Na nilitaka jibu lililonyooka, kwa sababu bila jibu nilikuwa sijui kama nikiingia kanisani namwacha mama nje na Mungu, au namwacha nje bila Mungu.

Ijumaa moja kabla ya Meza ya Bwana nilianza kupika alfajiri, hukohuko Homa Bay, kwa jiko langu la makaa. Mama mwenyewe alikuwa ameniambia nisiupikie kwake, watu wasije wakaukataa. Mkate wa kwanza ulipasuka katikati. Wa pili ukashika rangi upande mmoja. Niliwapa watoto wa jirani wakala, nikakanda tena, na tena. Ule uliotoka sawa ulitoka mchana jua likiwa utosini, nami nilipaswa kuwa nimeshaondoka. Nikautia moto hivyohivyo kwenye mkebe wa biskuti, nikaukaza kifuniko, nikakimbia stendi. Nilibadilisha gari Rongo, nikafika nyumbani jua limeshaanza kuinama.

Mama aliufungua mkebe kabla sijaketi. Mkate ulikuwa umetoa jasho. Ulikuwa umelowa na kugandana kama ugali wa jana.

"Uliufunika ukiwa moto?" akauliza.

"Nilikuwa nachelewa."

"Ulichelewa kwa nini?"

Akacheka.

"Ulikuwa unatafuta ule usio na kasoro. Nyathina, mwanangu, hata ng'ombe wa sadaka alikuwa na mavi mkiani."

Mimi sikucheka. Jua likizama Sabato inaingia, na Sabato hatupiki. Kesho kanisa zima lingekuja mezani na meza isiwe na mkate, kwa sababu yangu. Nilimwambia hata unga sina, na kufika dukani na kurudi jua lingekuwa limeshazama. Mama akainama chini ya kitanda, akatoa pakiti ya unga wa ngano ambayo haijafunguliwa.

"Huu ni wa nini?" nikauliza, maana mama hakuwa mtu wa chapati.

"Wa kukaa tu. Meza ya Bwana ikikaribia nanunua. Mkono umezoea."

Nilimimina unga kwenye karai. Nikatia maji kwa haraka, yakazidi, unga ukawa uji. Nikaongeza unga, ukawa mawe. Mama alinitazama kwa muda, kisha akaenda kunawa, akasugua mpaka kwenye viwiko kama zamani.

"Sogea."

"Mama, wewe huruhusiwi."

"Kwani ni nani anayekanda? Unakanda wewe. Mimi nakuonyesha."

Akanionyesha mpaka mkate ukakamilika. Akausukuma kwa chupa ya soda. Akautoboa kwa sindano ya kushonea magunia, matundu madogo yaliyobanana, ili uvunjike sawasawa mkononi mwa mchungaji. Akauweka kikaangoni, akaugeuza mara moja tu. Haukupasuka. Uliiva jua likiwa bado kidole kimoja juu ya kilima, na aliuacha upoe kwenye ungo kabla ya kuniruhusu niufunike. Wakati wote huo alikuwa akiimba wimbo wa kanisa midomo imefungwa, na nilitambua kwamba nilikuwa sijamsikia akiimba hivyo tangu aondolewe.

Asubuhi nilimkuta shemasi, yule jirani, ndani ya chumba kidogo nyuma ya mimbari, akinyoosha kitambaa cheupe cha meza kwa viganja vyake. Nilikuwa nimeamka nimeamua kusema, halafu nimeamua kunyamaza, halafu kusema. Nikampa mkate. Akafunua, akainamia yale matundu.

"Huu mkono naujua," akasema.

"Wa kwangu uliharibika. Jua lilikuwa linazama. Mama ndiye aliyekanda. Si kunionyesha. Alikanda."

"Sikukuuliza."

"Kama haufai, nitasimama niwaambie watu ni kosa langu."

Nje watoto walikuwa wakiimba kwenye darasa lao la Sabato.

"Unajua nililala wapi mvua ya mwaka ule?" akaniuliza. "Na mbuzi. Mbuzi ananikojolea miguuni. Mama yako alikuwa chini ya mabati. Mimi nilikataa, yeye akakubali. Halafu watu wananiambia, msamehe, msamehe, kama vile mimi ndiye niliyekosa kwa kulowa."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie tu. Nakwambia jambo." Akaufunika mkate kwa kitambaa, taratibu, akanyoosha pembe zake. "Utaliwa. Hakuna anayepika kama yeye. Mzee wa kanisa nitamwambia mwenyewe, baadaye. Akitaka kuniondoa, nitakwenda kukaa pale nje na mama yako. Kuna kivuli."

Mama alikuwa hapo nje kweli. Hakuna aliyemkataza kuingia, lakini tangu kile kikao alikuwa akija na kigoda chake, akikaa chini ya ukingo wa paa karibu na dirisha. Humo ndani nilimsikia akiimba nasi nyuma kidogo, kama mtu anayefuata msafara.

Wakati wa kutawadhana ulipofika, wanaume walitoka kwenda upande wao, na sisi tukasukuma mabenchi. Tangu mama aondolewe, nikija nyumbani mwenzangu alikuwa huyohuyo shemasi. Tulikuwa tumebaki wawili tusio na wenza. Nilishavua viatu. Nikamwona akijaza beseni, akitupa taulo begani, akinipita. Akatoka mlangoni.

Nilisogea dirishani. Alikuwa ameshachuchumaa mbele ya kile kigoda.

"Lete mguu," akasema.

"Nyieka, mimi si mshirika. Utapata lawama."

"Nimekuuliza habari za ushirika? Nimesema lete mguu."

Mama akatoa mguu. Shemasi akausugua kama mtu anayesugua sufuria yenye masizi.

"Unaniumiza."

"Nyamaza. Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Mvua ikipiga mabati yako nasikia mpaka kwangu. Kila mvua. Nakutukana nikiwa nimelala."

"Najua, nyieka. Na mimi nikiyasikia sipati usingizi."

"Vizuri. Usipate." Akaufuta mguu, katikati ya vidole pia, akauweka chini juu ya taulo. "Lete ule mwingine."

Walipomaliza, mama alimshika mkono akamketisha kwenye kigoda, akapiga magoti yeye. Aliosha polepole sana. Shemasi alikuwa ametazama pembeni, upande wa mahindi, kidevu juu, na machozi yalikuwa yakimshuka hali uso umekunjwa vilevile.

Nilisimama pale dirishani miguu mitupu. Katika hesabu zangu zote hapakuwa na mahali pa kitu hiki. Nilikuwa nikimtafuta Mungu wa kuifuta kesi au wa kuikata. Huyu mwanamke hakuwa amefuta hata msumari mmoja wa yale mabati. Alikuja na kesi yake nzima, akachuchumaa nayo mbele ya aliyemkosea, akaomba mguu. Nilifikiri: labda ni hivi. Nikaogopa kufikiri zaidi, nisije nikakifumua nikitafuta mshono.

Nilipogeuka, wanawake wote walikuwa wameshatawadhana. Mabeseni yalikuwa yakitolewa nje. Bibi mmoja wa benchi la mbele aliniuliza, "Na wewe msichana, mwenzako yuko wapi?" Ningeweza kusema sina, naomba muwe watatu na mimi. Lilikuwa jambo dogo la kuomba. Nikasema, "Yupo," nikitazama dirishani. Nikavaa viatu.

Kwetu asiyetawadhwa hakaribii meza. Sahani ilipofika kwangu niliipitisha. Niliona matundu ya sindano ya mama kwenye vile vipande, yamekatika sawasawa kama alivyotaka. Nilisikia watu wote pamoja wakitafuna, sauti ndogo kavu, na ilikuwa kama nimekaa nje ya nyumba yetu wenyewe wakati wa chakula. Shemasi alikula macho yamefumbwa. Mama, nje ya dirisha, alikuwa ameinamisha kichwa, na kutoka nilipokaa niliona upindo wa leso yake tu.

Mkate ulioombewa na kubaki hauendi nyumbani kwa mtu. Huchomwa. Baada ya ibada shemasi aliubeba nyuma ya kanisa alikokuwa ameacha makaa kwenye kigae, nami nikamfuata kwa kuwa sikujua pa kwenda. Akapanga vipande juu ya makaa. Mama akaja na kigoda chake mkononi, akasimama mbali kidogo, kisha akashindwa kujizuia.

"Geuza hicho cha kando, hakijashika moto."

"Naona."

"Huoni. Cha kando."

Shemasi akakigeuza. Harufu ya mkate ikatujia, tamu, nyumba nzima ya utotoni mwangu ndani yake. Mama alivuta pumzi nayo, akaishikilia. Na mimi nilivuta. Ndicho tulichopata siku hiyo, yeye na mimi.

Kisha mama akaona viatu vyangu.

"Una vumbi mpaka kwenye kifundo. Hukutawadhwa?"

"Sikupata mwenzi."

Shemasi aliacha kijiti chake. Alinitazama, akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama mtu aliyekosa.

"Maji tumeshayamwaga," akasema.

Kipande cha mwisho kilikunjamana, kikawa cheusi, kikavunjika chenyewe. Mama aliendelea kuitazama miguu yangu.

"Basi utakuja Meza nyingine," akasema. "Na ukija, usifunike mkate ukiwa moto."