Mabuti Mawili ya Kushoto

Mjini kwetu Stony Willow mtu akiiba tunaweza kumsamehe, maana huenda alikuwa na shida. Lakini akiingia nyumba ya watu na mabuti miguuni, huyo hana dawa. Mabuti huvuliwa mlangoni. Theluji ibaki huko, matope yabaki huko, na mwenye mabuti aingie na soksi zake, hata kama zina matundu. Ndiyo maana jioni ya matembezi ya hisani, watu walipojaa ukumbi wa kanisa kula maharage ya nyama na pilipili kabla ya kwenda kuteseka, koridoni palikuwa kama mlangoni mwa msikiti siku ya Idi. Na karibu mabuti yote yalikuwa meusi, ya aina moja. Duka la ushirika lilikuwa limepunguza bei kabla theluji haijaanguka, na sisi bei ikipungua akili hupungua nayo.

Matembezi yenyewe hufanyika kila mwaka, mwezi wa pili, siku ambayo baridi inauma kama mbwa mwenye haki. Lengo ni kuwachangia wasio na pa kulala. Kwa nini mwenye nyumba akitoka nje kuganda, asiye na nyumba apate joto, hiyo ni hesabu ambayo hakuna mtu mjini aliyewahi kuipiga mpaka mwisho. Tunatembea tu. Tunavaa kofia za sufu za rangi ya chungwa, tunazunguka hadi ziwani, tunarudi, tunapigana picha.

Wakati wenzake wanakula, Lorne Wasylik alikuwa jikoni anasugua masufuria. Lorne aliendesha basi la shule miaka mingi, na nusu ya mji ilikulia nyuma ya kisogo chake. Kisogo ndicho walichokijua: kipana, chekundu, chenye mkunjo katikati kama mkate uliopasuka tanurini. Uso hawakuwa na shughuli nao. Basi lilipoondolewa, kazi ikaondoka nalo. Nyumba aliyopanga ikauzwa kwa matajiri wanaokuja kuvua samaki wiki mbili kwa mwaka. Lorne akaaga watu, akasema anahamia kwa dada yake, mji wa Brandon. Dada hakuwepo Brandon. Dada hakuwepo popote. Akafuga ndevu, akalala garini mpaka gari likafa, kisha mchungaji akamruhusu kulala pale ukumbini, juu ya viti vinne vilivyounganishwa. Waliomwona pale walidhani ni fundi wa mashine ya joto, wakawa wanamlalamikia kwamba choo cha wanawake kina baridi. Naye akawa anaitikia, "Nitaangalia."

Jioni hiyo alikuwa na ahadi. Bi. Sigrun Bjarnason, mjane wa mtaa wa nyuma, alikuwa na chumba cha chini ya nyumba anachokipangisha, na walikuwa wamezungumza kwa simu ya kanisa.

"Una wageni?" Bi. Sigrun alikuwa ameuliza.

"Sina."

"Ndugu?"

"Sina."

"Marafiki? Sema kweli. Aliyetangulia alikuwa na marafiki, wakanilia samaki wote kwenye friza, wakaniachia barafu tu."

"Mama, mji huu hanijui mtu."

"Vizuri sana!" alisema Bi. Sigrun, kwa sauti ya mtu aliyetumiwa zawadi. "Basi njoo Jumamosi kabla mpira wa magongo haujaanza kwenye televisheni. Ukishaanza, mlango siufungui hata akija Yesu na mitume wake. Na nina wengine wawili wanakitaka."

Kwa hiyo Lorne alimaliza sufuria ya mwisho, akakausha mikono, akatoka koridoni kuchukua mabuti yake. Watu walikuwa wameshaondoka. Koridoni palibaki mabuti mawili. Moja lilikuwa lake. Alilijua kwa kamba nyekundu aliyoichomoa kwenye gunia la viazi. La pili halikuwa lake. Na yote mawili yalikuwa ya kushoto.

Alilitazama lile geni. Akaligeuza chini juu, labda la kushoto likigeuzwa huwa la kulia. Halikuwa. Akachungulia chini ya meza, nyuma ya mlango, ndani ya pipa la miavuli. Hakuna. Akakaa chini kufikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kupotea: kama hapa kuna mawili ya kushoto, basi huko nje kuna mtu anatembea na mawili ya kulia. Mtu huyo hajisikii?

Alijisikia sana. Alikuwa diwani Darcy Penner, muuza matrekta, mtu mnene mwenye heshima zake, na vidole vyake vilianza kulia kabla hajavuka barabara ya kanisa. Lakini Darcy alijiambia kwamba hayo ndiyo matembezi. Tumekuja kuumia, wenzetu wanaumia kila siku, mimi nani nisiumie? Isitoshe, mtu wa kwetu akikanyagwa na mwingine, yeye aliyekanyagwa ndiye anayeomba radhi. Sembuse huyu aliyekanyagwa na buti lake mwenyewe. Akauma meno, akachechemea, akabaki nyuma kabisa ya msafara. Waliomwona walisema, "Jamani, diwani ana moyo."

Lorne akayavaa yale mawili. Mguu wa kushoto ulitulia, umefika kwao. Wa kulia ulikwenda kwa wasiwasi kama mgeni asiyejua choo kiko upande gani, na kila baada ya hatua chache mwili mzima ulipinda kulia, akawa anajirudisha. Nje pumzi iligandia kwenye ndevu papo hapo. Kwenda kwa Bi. Sigrun kulikuwa kufuata ile ile njia ya matembezi mpaka kwenye kona ya posta. Hapo wao wanakwenda kulia, ziwani, yeye anakwenda kushoto. Akaupita mkia wa msafara akiwa ameinamisha kichwa. Hakumwona diwani, wala diwani hakumwona.

Kwenye kona alisimama Charlene, mwanamke wa maktaba, amevaa kizibao cha kung'aa, ana kijiti cha taa mkononi.

"We! Kofia yako iko wapi?" Kabla Lorne hajajibu, alishavikwa ya chungwa mpaka nyusini. "Timu gani?"

"Sina timu. Mimi nakwenda tu kwa..."

"Peke yako! Na miguu inakuuma, naona unavyotembea. Shujaa wewe! Sikiliza, baba, nisaidie. Nimekunywa chokoleti ya moto vikombe vinne na mimi ni binadamu. Shika hii." Akavua kizibao, akamvalisha, akamtia kijiti mkononi. "Wakifika waambie kulia. Narudi sasa hivi."

"Lakini mimi nina ahadi na..."

"Sasa hivi!" Charlene alishafika mlango wa mkahawa.

Lorne akasimama pale, amevaa mavazi ya watu wanaomsaidia. Alijaribu kuelewa. Alikuwa anatembea kwa ajili ya wasio na makazi, naye hana makazi, kwa hiyo alikuwa anajichangia? Na kama anajichangia, zile hela zinatoka mfuko gani? Baridi ilimkata wazo katikati. Kutoka dirisha la nyumba ya karibu ikasikika televisheni: wimbo wa taifa. Ukiimbwa wimbo wa taifa, mpira unafuata. Akatazama mlango wa mkahawa. Charlene hayupo. Akautazama mkia wa msafara unaokuja, kama watu thelathini hivi, vitambaa vimewafunika hadi machoni.

"Kulia!" aliwapigia kelele, akipunga kijiti cha taa. "Ninyi nendeni kulia! Ziwani!"

Kisha yeye akaenda kushoto.

Upepo uliyachukua maneno. Walichobaki nacho ni kizibao kinachong'aa, taa inayopungwa, na chini ya kofia ya chungwa, kisogo. Nao tangu wana miaka sita walizoea kwamba mahali kisogo kile kinakokwenda, huko ndiko. Wakamfuata.

Lorne akageuka. "Rudini! Siyo huku!"

Wakamwinulia vidole gumba. "Asante!" walijibu kwa pamoja. "Tuko nyuma yako!"

Akakimbia. Wakakimbia. Mtu mmoja akasema afadhali, mwaka huu wameongeza mazoezi.

Kwa Bi. Sigrun taa ya barazani ilikuwa inawaka. Lorne akabisha, akaingia kwenye kile chumba kidogo cha mlangoni, akavua mabuti yake mawili ya kushoto, akayapanga ukutani kwa adabu. Bi. Sigrun akatokeza: mwanamke mrefu, mkavu kama samaki wa kuning'inizwa, amevaa jezi ya timu yake.

"Nimeshachangia," akasema, akaanza kufunga mlango wa ndani.

"Hapana, mama, mimi ndiye wa chumba. Lorne. Tuliongea."

"Wa chumba hana pa kulala. Wewe una kizibao."

"Nimeazimwa."

"Na kofia?"

"Nimevikwa."

Bi. Sigrun alimtazama juu mpaka chini, akafika kwenye mabuti. Akayatazama kwa muda. Alitaka kuuliza, akaona ataumwa kichwa. "Uko peke yako? Huna mtu?"

"Sina mtu, naapa," alisema Lorne.

Mlango wa nje ukafunguliwa. Wakaingia watu thelathini.

"Hapa ndipo kituo cha chokoleti?" aliuliza wa mbele, na bila kungoja jibu akainama kuvua mabuti. Wote wakainama. Chumba cha mlangoni kiliwajaa, wakamiminikia ukumbini na soksi zao, wengine wakakaa kwenye ngazi, mmoja akamsifia Bi. Sigrun mapazia. Mwisho kabisa akaingia diwani Darcy Penner, akavua yake kwa mguno wa mtu anayejifungua, akayaweka chini. Mawili ya kulia. Moja lilikuwa na kamba nyekundu.

Lorne akaliona. Akisema buti langu hilo, itaonekana anamjua aliyelivaa. Na Bi. Sigrun alikuwa amegeuka rangi, mikono kiunoni.

"Bwana Lorne. Hawa nani?"

"Siwajui."

"Thelathini! Na huwajui?"

"Nimewaambia waende kulia, mama. Nimewaambia!"

"Samahani, samahani sana," akaingilia mwanamke mmoja, kwa maana kukiwa na ugomvi lazima mtu wa kwetu aombe radhi, hata kama ni wa jirani. "Sisi tunatembea kwa ajili ya wasio na makazi."

"Yupi?" aliuliza Bi. Sigrun.

"Yupi nini?"

"Asiye na makazi. Mnatembea kwa ajili ya yupi?"

Watu walitazamana. Walikuwa wametembea kila mwaka, na swali hilo halikuwahi kuwemo. Mmoja akasema ni wote kwa ujumla. Mwingine akasema ofisi ndiyo inajua. Kisha, kwa kuwa diwani ndiye aliyekuwa na sura ya mateso kuliko wote, macho yakaanza kumwendea diwani, na Bi. Sigrun naye akamtazama kwa huruma, mkono ukaingia mfukoni mwa jezi ukatoa ufunguo.

"Maskini. Ni wewe?"

Darcy Penner, ambaye ana nyumba yenye vyumba sita na nyingine ziwani, alikuwa na haya ya kumkatalia bibi wa watu mbele ya kadamnasi. "Mimi... kwa namna fulani..."

"Ni mimi!" alisema Lorne.

Kwenye televisheni mtu alikuwa anatangaza majina ya wachezaji. Mmoja wa wageni akaanza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Wewe?" akasema yule mwanamke wa samahani. "Si wewe fundi wa mashine ya joto?"

"Hapana."

"Kwa hiyo choo cha wanawake..."

"Hapana."

"Mnatembea kwa ajili ya mtu," Bi. Sigrun alisema taratibu, "mtu huyo anatembea mbele yenu, na hamumjui?"

"Ngoja," akasema diwani. Alikuwa amesogea nyuma ya Lorne, amekunja uso kama anayesoma herufi ndogo. "Kisogo hiki nakijua. Wewe si yule dereva wa basi letu la shule? Siku ile nilipotapika, ukanipa..."

Lorne aliutazama ufunguo. Alikumbuka vizuri. Alikuwa amempa kijana huyo fulana yake mwenyewe, akaendesha mpaka mwisho wa njia na koti tupu.

"Umenifananisha," akasema.

"Hakika?"

"Sijawahi kukuona, bwana."

Darcy akaomba radhi. Bi. Sigrun akawatazama wote, mmoja mmoja, akiwa na furaha anayojitahidi kuificha. Alikuwa amekutana na wapangaji waongo maisha yake yote, na leo ameletewa mashahidi thelathini walioonyesha mbele ya macho yake kwamba mtu huyu hawamjui. Akamtia Lorne ufunguo mkononi.

"Chumba ni chako. Ninyi wengine, ziwa liko kule. Mpira unaanza."

Wakavaa haraka haraka, wakisukumana, wakiombana radhi. Darcy alitazama mabuti yake kwa muda, akaona ni yale yale aliyokuja nayo, akayavaa, akatoka akichechemea. Kizibao na kijiti akapewa mtu mmoja ampelekee Charlene. Lorne akabeba mabuti yake mkononi, akashuka ngazi. Chumba kilikuwa na kitanda, taa, na dirisha dogo lililozibwa na theluji. Akakaa kitandani na kofia yake kichwani. Alikuwa amepata nyumba kwa kumkana mtu pekee aliyemtambua. Alijaribu kuamua kama hilo lilikuwa jema au baya, akafika mahali, akarudi mwanzo.

Mlango wa nje wa chumba chake ukagongwa. Akaufungua kidogo. Alikuwa Darcy Penner, theluji kwenye nyusi, ameshika buti moja mkononi, lenye kamba nyekundu, mguu mmoja una soksi tu, ameuinua kama korongo.

"Samahani, mzee," alinong'ona. "Nadhani mguu wangu mmoja uko kwako."

Kutoka juu, katikati ya kelele za mpira, sauti ya Bi. Sigrun ikashuka: "Lorne! Nani huyo?"

Lorne akachukua buti lake, akampa diwani la kwake, akamshika bega asianguke wakati analivaa.

"Sijui, mama," alijibu. "Amepotea njia."