Mto wa Kitanda cha Mashine

Muuguzi wa chumba cha dharura hapiti kitanda cha kijana anayepumulia mashine bila kutupia jicho mto unaoinua kichwa chake. Akiukuta umeshushwa huuinua tena, taratibu, kama anayemkalisha mtoto mchanga. Leo amemfuma mama wa kijana akiushusha.

“Mwache naye alale vizuri, mwanangu.”

“Akilala chali, mama, mate yatateremkia mapafuni. Kichomi hakipigi hodi.”

Mama akanywea. “Basi nimemuua?”

“Hujamuua. Nishikie tochi nimsafishe kinywa.”

Muuguzi akaupandisha mto, akapitisha pamba yenye dawa kwenye fizi na chini ya ulimi, akimnong’oneza kijana asiyejibu, “Samahani, kaka.”

“Atapona?”

“Sijui, mama.” Akampa pamba nyingine. “Upande huu msafishe wewe. Meno haya uliyaona yakiota.”