Punda wa Mama na Dawa ya Saratani

Siku ya kwanza ya dawa ya saratani, nilimsindikiza mama kliniki kutoka kijijini kwetu Kyuso. Daktari alisema dawa hiyo ni kali, kwa hivyo imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni, ili isiumize moyo.

"Na vinajuaje pa kwenda?" mama akaniuliza. Nilimweleza mara tatu, subira ikaniisha, nikaropoka: "Mama, ni kama punda! Mishipa mizima ni fensi nzuri, anapita kando tu. Mishipa ya uvimbe ina matundu, anaingia na mzigo wake."

Akatabasamu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Punda wetu hurudi peke yake na mitungi ya maji kutoka mtoni, na kila mara hupitia tundu la fensi ya jirani akala ndengu. Mama na jirani wamegombania hilo miaka.

Dripu ilipoisha, daktari akamuuliza anajisikiaje.

"Vizuri. Sasa niandikie barua, daktari, na uipige muhuri, kwamba kosa si la punda."