Vinyweleo vya Ndani

Mtafiti wa masikio humsalimia kwanza mtoto asiyesikia, kwa kumpungia, hata kama mama mtu ameshanyoosha mkono. Hupuliza vidole vyake vipate joto kabla ya kumgusa. Siku aliposema, "Shida ni vinyweleo vya ndani ya sikio," mama mmoja alidakia, "Basi tuvinyoe!" Mtafiti hakucheka. Alikunja ngumi, kisha akanyoosha vidole kimoja kimoja. "Hivi ndivyo vinavyonasa sauti. Kuna protini inayovifanya viote mtoto akiwa tumboni. Ya huyu ina kasoro."

Mama akasema, "Mawifi wanasema ni ndoo za maji nilizobeba nikiwa mjamzito."

"Ndoo hazina hatia, mama. Na wewe huna."

Mama akaudaka ule mkono kwa mikono yake miwili, na mtafiti akamwachia aushike, hata simu yake ilipoita.